Kila Wazo Lina Mwenyewe

Mara nyingi wazazi huuliza: "Kijana wetu ameingia chuo kikuu, asema anajifunza filozofia. Je, hiyo ni kazi gani?" Daktari huponya, fundi hujenga, mwalimu hufundisha. Mwenye filozofia afanya nini? Swali hilo si la wajinga. Maprofesa wenyewe wameliuliza, wala hawajapatana hata leo.

Wengine hujibu upesi kwamba filozofia, ambayo watu wa pwani huiita falsafa, ni kupenda hekima. Jibu hilo ni la kweli, lakini halishibishi. Hata mwindaji na mfinyanzi hupenda hekima, nao hawakuingia chuo kikuu. Yafaa zaidi tuitazame kazi yenyewe jinsi ilivyofanyika katika Kongo na kwa jirani zetu. Basi leo twataka kupima vitabu viwili ambavyo kila mwanafunzi wa filozofia wa kwetu huvikuta njiani. Vyote viwili vimeandikwa na mapadri. Kisha tutawasikiliza waliovipinga. Wote tutawauliza swali moja tu: mawazo haya ni ya nani, na mwenyewe aweza kujibu?

Kitabu cha Padri Tempels

Padri Placide Tempels alikuwa Mfransisko wa Ubelgiji. Alizaliwa mwaka 1906, akafika Kongo mwaka 1933, akakaa miaka mingi Katanga kati ya Waluba. Mwaka 1945 kitabu chake La philosophie bantoue, yaani Filozofia ya Wabantu, kilitolewa Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Yeye alikiandika kwa lugha ya kwao, Kiflandri. Bwana Antoine Rubbens ndiye aliyekigeuza kwa Kifaransa. Ni kitabu kidogo, bali kilitikisa watu wengi.

Kwa kifupi asema hivi. Mzungu akikitazama kitu, hukiona kama kitu kilichosimama peke yake. Mbantu hukiona kuwa nguvu. Kwake yeye, kuwa na nguvu na kuwapo ni jambo moja. Nguvu hiyo huongezeka, tena hupungua. Mzazi humtia mtoto nguvu. Waliokufa hawajakata undugu na walio wazima. Neno baya la mkubwa laweza kumpunguza mdogo. Kwa hiyo heshima kwa wazee, dawa na matambiko si mambo ya ovyo. Yana mpango wa akili ndani yake.

Tusisahau mwaka ule ulikuwa mwaka gani. Wengi walioitawala Kongo walisema kwamba mtu mweusi hana mawazo yaliyopangwa. Padri huyu alisimama akawaambia: wanayo, ninyi ndio hamjayasikia. Kusema hivyo kulitaka moyo. Mgr de Hemptinne, askofu wa Katanga, alimpinga. Lakini kitabu kilivuka bahari, na mwaka 1949 kikatolewa tena Paris na nyumba ya Présence Africaine.

Walakini kina kosa kubwa, nalo si kosa la maneno mawili matatu. Padri hatutajii shahidi. "Mbantu aona hivi, Mbantu asadiki vile." Mbantu yupi? Wa mji gani? Aliulizwa nini, na jirani yake alikubali au alikataa? Katika kitabu kizima twamwona mtu mmoja asiye na jina, ambaye habishwi na ndugu yake wala na mke wake. Sisi twawajua wazee wetu. Waketi watano chini ya mti, hawatoki na neno moja kabla ya jua kuchwa.

Tena Padri asema wazi kwamba Wabantu wenyewe hawawezi kuyapanga mawazo yao kama somo. Ni kazi ya Wazungu kuwapangia, nao wakisomewa watajitambua. Hapo ndipo kitabu chajikata chenyewe. Kimempa mtu akili, kikamnyima kinywa. Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, aliliona jambo hilo mapema. Mwaka 1950 aliwacheka watawala ambao wangefurahi kusikia kwamba Mbantu hataki mshahara mwema wala haki zake, ataka tu nguvu yake iheshimiwe.

Na neno lenyewe "nguvu", je, limepimwa? Kiswahili chatuonya. Twasema nguvu za mwili, nguvu ya dawa, nguvu ya sheria. Tena twasema mtu amechukua mali ya mwenzake kwa nguvu. Hayo si mambo mamoja. Mzee akisema "mtoto hana nguvu", labda ataka kusema ni mgonjwa, labda ataka kusema hana ukoo wa kumtetea. Mwingine angependa neno "uzima", ambalo lina afya na maisha pamoja, na tena ukamilifu wa kitu kisichovunjika. Kati ya "nguvu" na "uzima" pana njia ndefu, nayo haikutembewa.

Kitabu cha Padri Kagame

Padri Alexis Kagame, Mnyarwanda, alizaliwa mwaka 1912, akafa mwaka 1981. Alisoma Roma katika chuo kikuu cha Gregoriana, akapata udaktari wa filozofia mwaka 1955. Mwaka uliofuata kitabu chake La philosophie bantu-rwandaise de l'Être kilitolewa Brussels. Chahusu kuwapo kwa vitu, jinsi Wanyarwanda wanavyokusema.

Huyu hakuanza na Mbantu asiye na jina. Alianza na jambo ambalo kila mtu aweza kulikagua, yaani lugha. Alilishika shina -ntu, akaonyesha maneno manne: umuntu, yaani mwenye akili, ikintu, yaani kisicho na akili, ahantu, yaani mahali pamoja na wakati, ukuntu, yaani namna. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kamusi. Mtu na kitu avijua tangu utoto. Kila kilichopo, asema Kagame, chaingia katika fungu mojawapo la mafungu hayo manne. Aristotle, yule Mgiriki wa kale, alihesabu mafungu kumi. Kagame ameyapanga kumi yale ndani ya manne haya.

Uzuri wa njia hiyo ni huu: twaweza kumpima. Basi tumpime kwa Kiswahili. Kijana, kiongozi, kipofu na kiziwi huanza na ki- kama kitu, nao ni watu wenye akili. Mnyama na mdudu huanza na m- kama mtu, nao hawana akili ya mtu. Kwa hiyo mwanafunzi asemaye kwamba sarufi peke yake yatuonyesha filozofia, atujibu kwanza juu ya kipofu na mdudu. Kagame mwenyewe hakuwa mjinga. Wanyama amewaweka katika ikintu kwa sababu hawana akili, si kwa sababu ya mwanzo wa jina lao. Vema. Lakini basi kinachogawanya si lugha tena, ni akili. Na mgawanyo huo Padri alikuwa ameupata pia shuleni kwa Aristotle. Wapinzani wake walisema kwamba alikwenda kisimani na maji tayari mtungini. Ni neno kali, walakini lina haki ndani yake.

Mfano wa pili ni mzuri zaidi. Descartes, Mfaransa wa karne ya 17, alifundisha kwamba mtu aweza kushuku mambo yote, ila hawezi kushuku kwamba yupo, kwa kuwa anafikiri. Kagame asema hoja hiyo haisimami vizuri kwa Kinyarwanda, kwani mtu akisema tu kwamba yeye ni, msikilizaji angoja: wewe ni nani? uko wapi? Kwa Kiswahili pia ukisema "mimi ni" ukanyamaza, watu watakutazama. Ukisema "niko", watauliza: wapi?

Lakini ngoja kidogo. Sote twasema "Mungu yuko", au kama wa pwani, "Mungu yupo", wala hakuna mtoto aulizaye ni katika mji gani. Kagame angejibu kwamba -ko na -po ni maneno ya mahali hata hivyo. Mwingine angemwambia: yalikuwa ya mahali, leo yamepanuka yakawa ya kuwapo tu. Nani ashinda? Hatutakata shauri leo. Twataka msomaji aone jambo moja tu: mabishano haya tumeyafanya kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo mama sokoni ayajua, na yeyote aweza kuleta mfano wa kutupinga. Hapo filozofia imekwisha anza.

Mabishano ya Lovanium na Lubumbashi

Chuo kikuu cha Lovanium kilianzishwa mwaka 1954 karibu na Leopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Mwaka 1965 profesa wake Franz Crahay alitoa hotuba mjini humo juu ya masharti ya filozofia ya Kibantu. Alisema kitabu cha Tempels chaonyesha jinsi watu wanavyouona ulimwengu, lakini hayo si filozofia bado. Filozofia ni fikira inayojirudia na kujipima, inayotoa sababu zake wazi. Tena yataka kundi la watu wanaoifanya kazi hiyo, wasomane na kusahihishana. Vijana wengi walichomwa na maneno yale. Waliona kwamba Mzungu mmoja amefunga mlango uliofunguliwa na Mzungu mwingine.

Mwaka 1971 serikali ilikiunganisha chuo cha Lovanium na vyuo vikuu vya Lubumbashi na Kisangani, na masomo ya filozofia yakawekwa Lubumbashi. Katika miaka ile Paulin Hountondji, mzaliwa wa Afrika ya Magharibi katika jamaa ya Benin, alifundisha Kinshasa na Lubumbashi. Yeye alikaza kuliko Crahay, tena kwa sababu nyingine. Kabila halifikiri, alisema. Mtu ndiye afikiriye. Kuandika kwamba kabila zima lina wazo moja ni kuwanyima watu wake haki ya kutofautiana. Kwa Hountondji, filozofia ya Afrika ni maandiko ya Waafrika wenyewe wanaojibizana. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefundisha Lubumbashi, aliongeza neno katika kitabu chake cha mwaka 1988, The Invention of Africa. Alionyesha kwamba hata Mwafrika akijitafuta mwenyewe, mara nyingi hujitafuta katika vitabu vilivyopangwa zamani na wasafiri, wamisionari na watawala.

Wengine walirudi kwenye methali. Nkombe Oleko alichunguza methali za Watetela, akatoa kitabu chake Kinshasa mwaka 1979. Ni kazi ya maana, kwa sababu haikusanyi tu, yachambua. Kwani kukusanya peke yake hakutoshi. Methali hupingana kama mawakili. Moja yatuambia: haraka haraka haina baraka. Nyingine yajibu: ngoja ngoja huumiza matumbo. Anayeandika zote mbili kitabuni na kusema "hii ndiyo filozofia yetu" hajafanya kitu. Kazi huanza pale anapouliza: kwa nini zote mbili zadumu? Ni lini ya kwanza ina haki, na nani huamua?

Turudi kwa Hountondji, maana kwake kuna fundo. Mtu aweza kumwambia: Sokrate hakuandika hata mstari mmoja, nawe wamwita mwanafilozofia! Jibu lake lajulikana: Sokrate aliingia katika filozofia kwa sababu wanafunzi wake waliandika na kubishana juu ya maneno yake. Ni jibu jema. Lakini tazameni lamlaumu nani. Halimlaumu mzee asiyeandika. Lamlaumu mwanafunzi aliyeketi mbele ya mzee, akachukua maneno yake, akaliacha jina lake mlangoni.

Wazee wenye majina

Mkenya mmoja, H. Odera Oruka wa chuo kikuu cha Nairobi, alijaribu kulifungua fundo hilo. Tangu miaka ya 1970 aliwaendea wazee wa Kenya waliojulikana kwa hekima. Kitabu chake Sage Philosophy kilitoka mwaka 1990. Ndani yake mzee ana jina: huyu ni Paul Mbuya Akoko, huyu ni Oruka Rang'inya, baba yake profesa mwenyewe. Hakuwauliza tu, "watu wenu husema nini?" Aliwauliza, "nawe, mzee, waona wamesema haki?" Hapo akawagawanya. Kuna mzee ajuaye desturi vizuri na kuisimulia; kuna mzee aipimaye, akasema hapa watu wetu wamekosa. Wote wana heshima, bali wa pili ndiye Oruka aliyemwita mwanafilozofia.

Twamsifu kwa hilo. Hata hivyo kazi haikuisha. Maswali yalikuwa ya profesa, na swali huvuta jibu kama kamba ivutavyo mbuzi. Tena kitabu kilitoka kwa Kiingereza. Jirani wa wazee hao ambaye hajui lugha ile hakuweza kusema: hapa umemsikia vibaya.

Kazi ya mwanafunzi wetu

Katika idara ya filozofia kijana husoma Wagiriki, Tomaso wa Akwino, Descartes, Kant; husoma pia hao tuliowataja. Mwishoni lazima achague swali, asome yaliyosemwa na wengine juu yake, aandike kitabu kidogo chini ya uongozi wa mwalimu, akitetee mbele ya walimu. Huo ndio uchunguzi.

Sasa tufikiri mwanafunzi mmoja achagua kuandika juu ya kifo kwa Wabemba. Ana njia mbili. Ya kwanza ni rahisi: achukua sura ya Tempels, achukua mafungu ya Kagame, aongeza methali sita, kisha aandika, "Wabemba wasadiki kwamba…" Hahitaji hata kulipa gari. Lakini kama Tempels alikosa, kosa lake limezaa wajukuu. Tena sasa laitwa mawazo ya babu zetu, na babu mwenyewe yu hai kijijini, hajaulizwa.

Njia ya pili ina jasho. Mwanafunzi aenda kwa wazee watatu au wanne, wanaume na wanawake, maana wanawake ndio wanaoomboleza na kuosha maiti, na vitabu vyetu vimewasahau. Awaomba ruhusa kuandika majina yao. Aandika maneno yao kwa lugha yao, kisha ayageuza. Asiyafiche wanayobishania. Ndipo aseme yeye mwenyewe aona nini, na kwa sababu gani. Mwishoni arudi, awasomee kwa Kiswahili yale aliyoyaandika juu yao. Mzee akisema, "Mwanangu, hapo hukunielewa," neno hilo liingie kitabuni.

Watu wataleta vizuizi viwili. Wa kwanza watasema: mzee hajui Kant, atahukumuje kazi ya chuo kikuu? Hatumwombi ahukumu habari za Kant. Twamwomba ahukumu habari zake mwenyewe. Wa pili watasema: Kiswahili hakina maneno ya filozofia. Nasi tumekwisha kubishana juu ya "niko", juu ya "nguvu" na juu ya "uzima", wala hatukupotea. Maneno ya kazi hupatikana kazini. Kifaransa kisitupwe, kwani pasipo hicho mwanafunzi hatawasoma Tempels, Kagame na Hountondji, wala hatabishana na wenzake wa Dakar na Cotonou. Bali kazi isomwayo na walimu watatu tu, na kisha kufungwa kabatini, haijajibiwa na yule iliyemtaja.

Labda mtu atasema haya ni mashindano ya wenye vyeti, wala hayatugusi. Sivyo. Anayezoea kuandika kitabuni kwamba "kabila letu lafikiri hivi" hatapata shida kulisema barabarani. Nasi katika Kongo twajua neno hilo limetupeleka wapi mara nyingi. Mtu mmoja asimama, asema kwa kinywa cha watu wote, na asiyekubali ahesabiwa msaliti. Shule ya filozofia yaweza kumfundisha kijana kusema maneno mawili ambayo yavunja udanganyifu huo: "mimi nasema", na "wewe wasemaje?"

Basi hukumu yetu ni hii. Tempels asomwe kwa ajili ya moyo wake, wala asitumiwe kama shahidi wa mambo ambayo hakututajia aliyemwambia. Kagame asomwe kwa ajili ya njia yake, na kila mfano wake upimwe kwa lugha ya msomaji. Hountondji asomwe kwa ajili ya swali lake, ambalo halijazeeka. Oruka asomwe kwa ajili ya majina aliyoyaandika. Na mwanafunzi wa leo, kabla hajaandika kwamba watu wake wafikiri hivi au vile, na apande gari, akabishe hodi, aulize, apingwe, arudi akaandike tena.